Sauti Yangu Kwenye Kiredio

Niseme mapema ili tusisumbuane: nina sauti nzuri. Sijisifu, nasema kilichopo. Pale kwetu Bombambili, Songea, nikikosa Misa ya pili watu wanamuuliza mama kama naumwa. Asubuhi nikiwa kwenye meza yetu ya vitumbua, vijana wa bodaboda wananunua, wanalipa, halafu bado wamesimama: "Dada, hebu sema tena hiyo 'karibu' yako." Nawafukuza, lakini nafurahi, sitadanganya. Kwa hiyo nilipokwenda chuo cha ualimu sikwenda mikono mitupu. Wenzangu walikuja na simu kubwa na kompyuta za kupakata. Mimi nilikuja na koo langu, na nilijua linatosha.

Mkufunzi wetu wa TEHAMA alikuwa mtu wa uchokozi. Alikuwa anaingia darasani, hata tarehe hajaandika ubaoni, anatupa swali kama anayewarushia kuku mahindi, halafu anakaa pembeni kutuangalia tukigombana. Siku moja akauliza: nyie mnaokwenda kuwa walimu, hii teknolojia mnaionaje? Itawasaidia, au itawafukuza kazi?

Jamani, siku ile palichimbika. Kijana mmoja wa Tunduru, wa vijiji vya kule Mbesa, akasema shule aliyosoma yeye haikuwa na soketi hata moja, sasa hiyo projekta ataichomeka kwenye muhogo? Mwingine, ambaye sote tulijua maandalio yake ya somo anaandikiwa na simu, akasema mwalimu anayeogopa mashine ni mvivu wa kujifunza. Yeye! Wa kusema uvivu! Wengi walikuwa katikati, kishikwambi wanakitaka, lakini hawataki mtu awanyang'anye chaki. Nikasimama mimi. Nikasema mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi na kitu, anafundishwa na mtu, na mashine ya kuwaimbia watoto wa Songea sauti za herufi wakazishika haijazaliwa. Nikaimba na wimbo wenyewe palepale, wa sauti ya m. Darasa zima likaitikia, mkufunzi akacheka mpaka akavua miwani. Nilikaa chini nikijiona nimemaliza kazi.

Mmoja hakusema neno siku hiyo. Alikuwa mwenzangu wa bweni, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu yake. Ametoka kijiji kimoja cha Namtumbo, wazazi wake wakulima wa tumbaku, mwenyewe mpole, wa swala zake na ushungi wake, ukimpa kitu anasema alhamdulillah kabla hata hajakishika. Na alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo ukaendelea na safari. Chake kilimkamata mlangoni, kwenye neno la kwanza, mishipa ya shingo inasimama, macho yanafumba, na sisi wote tunaanza kuangalia viatu vyetu.

Siku ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe, pale ambapo mmoja anakuwa mwalimu na wengine tunajifanya watoto, alisimama mbele akashindwa kutoka kwenye salamu. Mkufunzi akageuka dirishani kama aliyeitwa na mtu nje. Nilimhurumia kweli. Na hapa nataka nieleweke vizuri, maana ndipo mambo yote yalipoanzia: nilimhurumia. Mtu unayemhurumia hupati hata wazo kwamba anaweza kuja kukupita.

Jioni ile akanifuata bwenini. Ilimchukua muda kusema, nami nikasubiri, nilikuwa nimeshajifunza kumsubiri. Alitaka nimrekodie. Sauti zote za herufi, silabi, nyimbo, na vihadithi vifupi vifupi. Angetia kwenye memori kadi, na kadi angeichomeka kwenye kiredio, vile viredio vidogo ambavyo wakulima kwao huning'iniza mtini wakipalilia tumbaku. Hakihitaji umeme, kinakwenda kwa betri ya kuchaji, na hata kasola ka kuchajia alikuwa nako.

"M-mimi nitakuwa nawaonyesha ubaoni," alisema. "We-wewe utakuwa unawaambia."

Kuombana zana kwetu lilikuwa jambo la kawaida. Anayejua kuchora anachorea wenzake, mwenye mwandiko anawaandikia chati, mwenye mikono myepesi anafinyangia darasa zima matunda ya udongo. Na desturi ni kwamba mazoezi ya kufundisha yakiisha, zana zote tunaziacha shuleni, hatuondoki na kitu. Kwangu sauti ilikuwa kama kumwazima mtu kalamu za rangi. Tena nilifurahi kuombwa.

Tulirekodia kwenye stoo ya magodoro, maana kwingine kote kulikuwa na kelele. Tukajifungia humo na simu yake, tumezungukwa na magodoro mpaka darini, joto, vumbi la sufi puani, mimi naimba yeye ameshika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto. Kila nikikosea anatabasamu na kunionyesha kidole: tena. Alikuwa anajua anachotaka, yule. Alinitaka niache nafasi hapa, nirudie pale, nipunguze mwendo. Nilimwona kama msumbufu, lakini nikafuata. Nilipotoka mle nilikuwa nimelowa jasho, na niliona nimefanya tendo la huruma kubwa, hata nikaungama kidogo kwa Mungu kwamba najisikia mtakatifu.

Mazoezi ya kufundisha tulipangiwa shule moja, pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Namtumbo. Darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili na mwalimu wake pekee alikuwa amehama. Mimi nikapewa mkondo A, yeye B. Mwalimu mkuu, mzee mmoja mtaratibu wa kuvaa sweta hata jua likiwaka, alituita ofisini siku ya kwanza kabisa akatueleza bila kuzunguka: kamati ya wazazi imekubali kuchangia posho na mahindi ya mwalimu wa kujitolea. Ni mmoja tu. Mazoezi yakiisha, mmoja wetu ataombwa abaki na darasa la kwanza lote, mpaka serikali itakapoleta ajira.

Kwa asiyejua, hilo ni jambo kubwa. Siku hizi unamaliza chuo unajisajili kwenye mfumo wa ajira, halafu unakaa nyumbani unafungua simu kila asubuhi kuangalia kama umeitwa. Wapo wanaofungua simu hivyo hadi watoto wao wanaanza shule. Mwenye kujitolea angalau anaamka, anavaa, anaitwa mwalimu. Nilitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Na nisifiche, sikuona kama nina mpinzani.

Wiki za mwanzo nilitamba. Mkondo A walinipenda ghafla. Naingia, naimba, wanaimba, naruka, wanaruka. Walimu wengine walikuwa wanapita na vikombe vyao vya chai wanasimama mlangoni. Wakati wa mapumziko watoto walinigombea mikono, kila mmoja anataka kidole chake.

Sasa, madarasa yale hayana dari. Ukuta unaishia chini ya paa na juu yake ni uwazi, sauti ya huku inamwagikia kule. Siku moja niko katikati ya wimbo wa m, nikasikia upande wa pili nafundisha b. Ndiyo, mimi. Sauti yangu ileile, safi, haina haraka, inasema ba, be, bi, bo, bu. Nikanyamaza. Watoto wangu wakanyamaza. Wote tukatazama juu ya ukuta.

"Mwalimu," akaniuliza mmoja, "na kule upo?"

Nikacheka. Nikawaambia ndiyo, na kule nipo. Walifurahi sana, wakaona ni uchawi mzuri. Mimi nilifurahi siku hiyo moja.

Kwa sababu baadaye ilianza kunikera. Mimi huku naanza somo nikiwa na koo kavu la asubuhi, vumbi la chaki, nimeshapayuka kunyamazisha watoto waliobanana madawatini mpaka wengine wanakaa kwenye mifuko yao sakafuni. Kule mimi yule mwingine hachoki. Hapaliwi. Hakohoi. Kila siku anaanza kwa furaha ileile kama ndiyo kwanza ametoka kuoga. Ikifika saa za mchana mimi nimekwaruzika kama mlango wa zizi, yeye bado anaimba. Na watoto wa A, wasaliti wakubwa wale, wakawa wanaitikia ya kule badala ya yangu.

Nikaenda kuchungulia. Nilijiambia naenda kuazima dasta. Nikasimama kwenye dirisha la B, na niliyoyaona nayakumbuka hadi leo. Kiredio kiko juu ya meza, kinafundisha. Mwenzangu hayuko mbele. Yuko chini, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, ushungi umeteleza hadi mabegani, ameshika mkono wa mtoto mmoja anayeandika. Anamaliza, anasogea kwa mwingine. Kiredio kinasema, watoto wanaitika, yeye anazunguka kwa magoti, dawati kwa dawati. Mimi nilikuwa siwezi kufanya hivyo. Nikipiga magoti nani ataimba?

Halafu nikasikia kitu kingine. Alikuwa anamnong'oneza yule mtoto, sikioni kabisa, na maneno yalikuwa yanatoka. Moja baada ya lingine, bila kukwama. Kumbe kwa mtoto mmoja mmoja anasema kama mimi na wewe.

Ningekuwa mtu mwema ningefurahi. Ningesema Mungu ni mkubwa. Badala yake nilishikwa na wivu, wivu wa kweli, ule wa kukaa kifuani kama ugali wa jana. Nikaondoka bila dasta.

Toka hapo kila kitu chake kilinichoma. Watoto wa B walikuwa wanaandika kwenye vumbi wakati wa mapumziko, wangu wanaimba. Mzazi mmoja wa B alimletea mbaazi za kuchemsha. Mwalimu mkuu alikuwa anakaa dakika nyingi mlango wa B kuliko wa kwangu, nami nilikuwa napima kwa jicho. Mkufunzi alipokuja kututathmini aliingia kwake kwanza, akatoka amechanua. Akaniambia mimi, mbele yake, "Umeona mwenzako anavyotumia teknolojia? Hayo ndiyo tunayowafundisha." Mwenzangu akajitahidi kusema, "S-s-sauti ni ya—" Mkufunzi hakuwa na subira ya kungoja. Alishageuka. Na mimi nikanyamaza, maana ningejieleza vipi? Nisije nikaonekana nagombea kelele.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja karibu na shule, tunapika pamoja, tunalala kitanda kimoja. Wivu wa mtu unayekula naye sufuria moja ni mateso. Nilikuwa namtilia mboga huku nimemkasirikia. Siku moja, tunachambua mchicha, nikashindwa.

"Futa," nikamwambia.

Akaniangalia.

"Zile nyimbo. Nataka uzifute. Watoto wangu hawanisikilizi, wananisikiliza mimi wa kule kwako. Mimi nimechoka kushindana na mimi."

Nilisema kwa ukali, mpaka majani yakaanguka. Nilitegemea atalia, au atanikumbusha kwamba bila kile kiredio hana la kufanya mbele ya watoto. Hakulia. Alifuta mikono kwenye khanga, akachukua kiredio, akakiweka mapajani mwangu.

"Ni s-sauti yako," akasema. "Kadi hiyo hapo. N-na kwenye simu nitafuta. Ukisema ni-nifute, nafuta."

Nikakishika. Nikakiwasha kwanza, nijue ninachokwenda kukifuta. Ikatoka sauti. Sikuwahi kukaa chini kuisikiliza hivi, bila ukuta katikati, bila watoto kupiga kelele. Yesu na Maria! Ilikuwa nzuri. Laini kwenye maneno madogo, pana kwenye wimbo, na kale kacheko kangu kadogo kabla ya neno gumu ambako hata sikuwa najua ninako. Nilisikiliza wimbo mmoja, nikasikiliza wa pili. Mchicha ulikuwa umelala kwenye ungo. Nani anafuta kitu kama kile? Ungekuwa wewe ungefuta?

Nikakirudisha. "Acha tu," nikasema, "watoto watapata tabu." Ati watoto. Mwenzangu akanishukuru mpaka akanishika mikono, akasema Mwenyezi Mungu akulipe, dada'angu. Nikaendelea kuchambua mchicha nimejaa hasira.

Mazoezi yalipokaribia kwisha, mwalimu wa taaluma akapitisha watoto mmoja mmoja kusoma, mikondo yote miwili. Alikuwa na ukurasa mmoja wa kitabu, mtoto anakuja, anasoma anapoweza. Nilikaa nje kwenye kibaraza nikisikia. Watoto wangu waliimba. Ukiwaonyesha m wanakuimbia wimbo wote wa m, kwa mwendo, kwa makalio, lakini ukiunganisha m na a na m na a wanakutazama usoni wakingoja uwaanzishie. Wa B walisoma. Taratibu, kwa kidole, wengine kwa kukosea, lakini walikuwa wanasoma mama, wanasoma meza. Nilitamani mvua inyeshe juu ya mabati nisisikie.

Mwalimu mkuu akaniita peke yangu. Alinivutia kiti yeye mwenyewe, nikajua.

"Binti yangu," akasema, "wewe una kipaji. Hilo halina ubishi. Lakini tumeona mwenzako abaki."

Nikasema sawa, shikamoo, sijui hata kwa nini niliamkia wakati tulishaamkiana asubuhi.

"Usijisikie vibaya," akaendelea, na alikuwa anasema kwa wema, mzee wa watu, alitaka kunipoza. "Na wewe hujaondoka. Sauti yako tunayo."

Sauti yako tunayo. Nilitembea na maneno hayo hadi Bombambili. Siku ya kuaga, tulipopanga zana zetu mezani kukabidhi, chati, vizibo vya soda, matunda ya udongo, mwenzangu akaweka na kiredio, na juu yake akaweka kadi. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, cha kwangu kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Nikarudi kwenye vitumbua. Naamka, nakoroga, nakaanga, moshi wa mafuta unaniingia kooni, nafungua simu kuangalia mfumo wa ajira, nafunga simu. Mwenzangu alikuwa anapita Jumamosi, amevaa viatu vya kazi, ananisimulia watoto. Nilikuwa namfungia vitumbua vya bure na namchukia kuanzia ushungi hadi kisigino, halafu akiondoka namwombea asipate ajali na bodaboda. Mama alikuwa ananitazama tu. Siku moja akasema, "Wewe na huyo mtoto wa watu, mbona unampenda kwa hasira hivyo?" Nikageuza vitumbua.

Mwaka ulipogeuka, akanipigia simu. Bibi yake amefariki, anakwenda Namtumbo kuzika. Ilimchukua muda mrefu kuliko siku zote, na kilio juu yake, nami nikangoja.

"Ni-nishikie watoto wangu," akasema. "Siku chache tu."

Watoto wangu, alisema. Nikampa pole ya msiba kutoka moyoni, na moyo huohuo ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nilipiga pasi gauni langu la mazoezi ya kufundisha. Mama akaniuliza naenda harusi ya nani.

Mwalimu mkuu akanipokea, karibu nyumbani, karibu. Nikaenda mpaka mlango wa darasa la kwanza. Hawa walikuwa watoto wapya, walioanza mwaka ule, hawajawahi kuniona. Wakasimama. "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Hamjambo watoto wazuri?"

Vichwa vyote vikageuka mezani. Kiredio kilikuwa pale, kimewekewa kitambaa cha kufuma kama runinga ya sebuleni. Binti mmoja mdogo wa dawati la mbele, sweta limemfika magotini, akatoka bila ruhusa, akaenda kukiwekea sikio.

"Kimezimwa," akawatangazia wenzake.

Wakaguna. Mimi nikacheka, maana siku hiyo ilinipendeza, nikaona sasa ndiyo watajua. Nikachukua chaki, nikaandika m, nikaimba. Niliimba vizuri kuliko kule stooni, kwa sababu wimbo ule nilikuwa nimeurekebisha, mstari wa pili nimeupandisha kidogo kama tunavyofanya kwenye kwaya. Wakaanza nami, walipofika pale pa kupandisha wakaanguka mmoja mmoja, wakanyamaza.

"Siyo hivyo, mwalimu," akasema yule binti. "Mwalimu wa redio haimbi hivyo."

"Mwalimu wa redio ni mimi."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka jinsi watoto wanavyocheka mtu mzima akitania.

"Kweli kabisa. Nisikilizeni. Hii si sauti yake?"

Yule binti akanisikiliza, amekunja uso kama mnunuzi wa kuku. "Unamwiga," akasema. Halafu, asije akaniumiza, akaongeza, "Lakini unamwiga vizuri."

Nifanye nini? Nikaenda nikakiwasha. Sauti ikatoka, ya yule msichana wa stoo ya magodoro, hana moshi kooni, hajawahi kungoja ajira, anajua darasa linamsubiri. Migongo yote ikanyooka. Kwangu haikuwa imenyooka hivyo. Wakaimba naye wimbo wote, ule wa zamani, bila kukosa, na mimi nikabaki nimesimama kando ya ubao kama mgeni aliyekuja na barua.

Wimbo ukaisha. Kiredio kikasema, "Haya, nani ataniambia, hii ni sauti gani?"

Kikanyamaza. Ilikuwa ile nafasi ambayo mwenzangu alinilazimisha kuiacha, na sasa nikaelewa ni ya nini: hapo yeye humwonyeshea mtoto kidole, mtoto anasimama anajibu. Mimi sikumwonyeshea mtu. Kimya kikawa kinakwenda. Watoto wakanitazama. Yule binti akaingiwa na wasiwasi kwa ajili yangu, akainama mbele, akaninong'oneza haraka:

"Jibu, mwalimu. Atakuacha."

Nikajibu. "Mmm," nikasema, kwa sauti, darasa zima lisikie.

"Vizuri sana, mwanangu!" kikasema kiredio, na kale kacheko kadogo. "Umejitahidi. Haya wote, mpigieni makofi."

Wakageuka wote kwenye madawati yao wakanipigia, kwa moyo, yule binti kwa kusimama kabisa. Nilisimama na chaki mkononi nikingoja wamalize, na wivu niliokuwa nao juu ya mwalimu wao wa redio sijawahi kuwa nao juu ya mtu yeyote. Halafu nikakaa, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa la mwingine.